Nyimbo 10 bora za miaka ya 1980: zilivyopangwa, kwa nini, na toleo lipi la kutafuta

Orodha za nyimbo bora za miaka ya 1980 zimejaa kila kona, na nyingi zinaharibikia mahali pamoja: zinahesabu mauzo, kisha zinaiita hesabu hiyo ubora. Jarida la Billboard la Marekani, kwa kufuata nafasi za kwenye chati, liliupa "Physical" wa Olivia Newton-John nafasi ya kwanza ya muongo mzima, kwa sababu ulikaa kileleni wiki 10 kuanzia Novemba 1981. Hesabu ni sahihi. Lakini upige leo wimbo huo, kisha upige "The Message" wa Grandmaster Flash and the Furious Five, ambao kwenye chati hiyo hiyo ya Marekani uliishia nafasi ya 62, na sikio halitachelewa kukuambia upi umechakaa na upi bado una makali.

Kipimo kilichotumika hapa ni kingine. Muongo ule ndio studio zilipofurika vifaa vipya. Mashine ya ngoma ya Linn LM-1 ilitoka 1980, Roland TR-808 mwaka huo huo, kinanda cha Yamaha DX7 na mfumo wa MIDI, unaoziunganisha ala za kielektroniki, vikaja 1983, na tepu za treki 24 (njia 24 za kurekodia) zikaunganishwa mbilimbili ili kupata nafasi zaidi. Kila prodyuza aliweza kuongeza kitu, na wengi waliongeza. Ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati ule zinasikika kama gunia lililoshindiliwa mpaka mshono unatatarika. Zilizobaki imara ni zile ambazo mtu alithubutu kupunguza. Basi swali la kwanza kwa kila wimbo hapa ni hili: nini kimeachwa nje, na wimbo umepata faida gani kwa kukikosa?

Mipaka ni kuanzia 1 Januari 1980 hadi 31 Desemba 1989, kwa kufuata siku rekodi ilipotoka mara ya kwanza. Kwa mpaka huo "Rapper's Delight" inabaki nje, nayo "Another Brick in the Wall" ya Pink Floyd, kwa kuwa zote ni za 1979 hata kama zilivuma hadi 1980. "Nothing Compares 2 U" ya Sinéad O'Connor imekosa kwa siku chache tu, maana ilitoka Januari 1990. Inauma, ila mpaka ukisogezwa kwa wimbo mmoja utasogezwa kwa kumi.

Neno moja kuhusu usikilizaji, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea hata kabla ya kupanga chochote. CD za miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa sauti ya chini. Matoleo yaliyosafishwa upya tangu miaka ya 1990 mara nyingi yamepandishwa juu kwa kubana tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa. Sikio la binadamu lina udhaifu: kilicho juu kidogo hulipendeza zaidi, hata tofauti ikiwa ni desibeli 1. Kwa hiyo ukilinganisha nyimbo mbili, shusha ile inayopiga kelele mpaka zilingane, halafu ndipo uhukumu. Sikiliza mara moja kwenye hedifoni au spika kubwa, na mara moja kwenye spika ya simu. Spika ya simu haina besi ya chini, kwa hiyo wimbo unaoporomoka pale ulikuwa unasimama kwa mtetemo na si kwa utunzi.

Na kabla ya kubonyeza, soma urefu wa wimbo. Wimbo mmoja wa miaka ya 1980 unaweza kuwa na toleo la albamu, toleo fupi la redio, toleo refu la santuri ya inchi 12, na rimiksi moja au mbili za baadaye, na yote yanabeba jina lile lile. Mikusanyiko ya bei rahisi ina tatizo baya zaidi: msanii aliuimba wimbo upya miaka mingi baadaye, kwa kuwa kampuni ya zamani ndiyo yenye rekodi ya asili. Kwenye jalada utakuta maandishi madogo yanayosema umerekodiwa upya, au usiyakute kabisa. Nakala zilizopakiwa na watu binafsi mtandaoni nazo hukimbizwa kidogo ili zisinaswe na mitambo ya hakimiliki, na sauti ya mwimbaji inapanda. Ukiona wimbo unaoujua umepungua sekunde kadhaa na mwimbaji anasikika mdogo kwa umri, achana na nakala hiyo.

Nafasi ya 1 ni "When Doves Cry" ya Prince, 1984. Huu ni wimbo wa kucheza usio na besi. Si kwamba besi iko chini, haipo kabisa. Prince aliurekodi mwanzoni mwa Machi 1984 katika studio ya Sunset Sound, Los Angeles, fundi sauti akiwa Peggy McCreary, na kila chombo alikipiga mwenyewe. Besi ilikuwamo kwanza. Wakati wa kumiksi akaona imeufanya wimbo uwe wa kawaida mno, akaizima. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya meza ya kumiksi anajua uzito wa uamuzi huo, kwa sababu besi ndiyo inayoshika ngoma na sauti za juu zisiachane. Ukiitoa, kila kitu kinaning'inia.

Kilichouokoa ni jinsi sehemu zilizobaki zilivyogawana kazi. Ngoma ya mguu ya LM-1 inabeba uzito wote wa chini. Ule mgoto mkavu unaosikika kama mtu anayebisha mlango ni sauti ya kugonga ukingo wa ngoma, iliyoshushwa kimo kwenye mashine hadi ikawa nzito. Kinanda kinapiga mstari wake mmoja ulionyooka, kisha kinanyamaza. Juu ya hapo sauti ya Prince imewekwa kwa tabaka, moja ya chini na moja ya juu, na kwa kuwa hakuna besi inayoifunika, unasikia pumzi kabla ya kila mstari. Wimbo unazungumzia mtu aliyeachwa peke yake, na mpangilio wenyewe umeachwa peke yake. Ulikaa kileleni Marekani wiki 5, huku "Dancing in the Dark" ya Bruce Springsteen ikikwama nafasi ya pili.

Tafuta toleo la albamu ya Purple Rain, lenye urefu wa karibu dakika 6. Toleo la redio, lililo chini ya dakika 4, limekata mkia, na mkia ndio wenye kinanda kinachopanda mbio na sauti zinazojibizana bila maneno. Na ukikutana na rimiksi iliyoongezewa besi "ili ichezeke", ujue aliyeitengeneza hakuelewa alichokuwa amekishika. Wimbo huo ulichezwa miaka yote bila msaada wake.

Wengi watataka kuona "Billie Jean" ya Michael Jackson hapo juu. Ipo nafasi ya 3, na maelezo yanakuja. Nafasi ya 2 imekwenda kwa "Blue Monday" ya New Order, iliyotoka Machi 1983 kwa santuri ya inchi 12, dakika 7 na sekunde 29. Inaanza na ngoma ya mguu ya mashine ya Oberheim DMX, mapigo karibu 130 kwa dakika: mapigo machache yaliyotulia, kisha mvua fupi ya mapigo ya haraka, kisha inarudi ilipoanzia. Zaidi ya dakika 2 zinapita kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na akifungua, Bernard Sumner anaimba bila kupandisha hisia hata kidogo, kama anayesoma barua aliyoandikiwa na mtu mwingine. Peter Hook anapiga gitaa lake la besi kwenye nyuzi za juu, kwa hiyo linafanya kazi ya gitaa la kuongoza, huku besi halisi ikitoka kwenye sintesaiza ya Moog Source. Hisia imeachwa kwa makusudi, na nafasi yake imejazwa na msikilizaji.

Kuna kosa ndani ya wimbo huu linalostahili kusikilizwa kwa karibu. Gillian Gilbert wa bendi hiyo aliingiza noti zote kwenye kifaa cha kupangia kwa mkono, moja baada ya nyingine, na katika kazi hiyo akaruka noti moja. Matokeo yake melodi ya sintesaiza haikai sawasawa juu ya ngoma, imetelezea pembeni. Hawakuirekebisha. Jaribu kuhesabu moja, mbili, tatu, nne kwa kufuata ngoma, kisha ujaribu kuimba melodi hiyo juu ya hesabu yako. Utapotea, na huko kupotea ndiko kunakowafanya watu waendelee kucheza kwa dakika 7 bila kuchoka. Mashine ikikaa sawa na mashine nyingine kwa muda huo, mwili unaacha kusikiliza.

Tahadhari ya toleo hapa ni kubwa kuliko kwa wimbo mwingine wowote kwenye orodha. Kuna "Blue Monday 1988", ya dakika 4 na ushei, iliyofanyiwa usafi na kuongezewa manjonjo, na ndiyo inayojipenyeza kwenye mikusanyiko mingi. Toleo la 1983 limo kwenye Substance, mkusanyiko wa 1987. Ukiikuta santuri yenyewe, jalada la Peter Saville limekatwa matundu kufanana na diski laini ya kompyuta, na mbele halina jina la bendi wala la wimbo, bali vipande vya rangi ambavyo ni herufi za siri.

Sasa "Billie Jean". Albamu ya Thriller ilitoka mwisho wa Novemba 1982, wimbo ukatoka peke yake Januari 1983, ukakaa kileleni Marekani wiki 7. Kwa utekelezaji hakuna wimbo wa muongo ule unaoufikia. Ngoma zilipigwa na Leon "Ndugu" Chancler, jina ambalo Mswahili yeyote atalitambua. Fundi sauti Bruce Swedien alimjengea jukwaa dogo, akaifunika ngoma ya mguu kwa kifuniko maalumu, na akaweka ubao mdogo kati ya ngoma ndogo na matoazi ili sauti ya kimoja isimwagikie kwenye maikrofoni ya kingine. Ndiyo maana mapigo mawili ya kwanza tu yanatosha mtu kuutambua wimbo. Louis Johnson akapiga besi aliyoitunga Michael Jackson mwenyewe, baada ya kujaribu magitaa yake moja moja hadi likapatikana lenye sauti iliyotakiwa. Baadhi ya sauti za kuitikia ziliimbwa kupitia bomba refu la kadibodi.

Prodyuza Quincy Jones aliona utangulizi ni mrefu mno, maana sauti inaingia baada ya karibu sekunde 29. Jackson akakataa kuukata, kwa maelezo kwamba hapo ndipo anapotaka kucheza. Alikuwa sahihi. Swedien naye alimiksi wimbo huu mara 91, halafu wakarudi kutumia miksi ya 2. Kila anayerekodi nyumbani aliandike hilo ukutani: mara nyingi miksi ya mwanzo ndiyo yenye uhai, na zinazofuata zinasugua tu.

Kwa nini basi si nafasi ya kwanza? Kwa sababu ni umbo linalojulikana lililofikishwa kwenye ukamilifu. Besi, ngoma, gitaa la kukatakata, vinanda, nyuzi, kila kitu kipo na kila kitu kiko mahali pake. Nyimbo mbili za juu yake zilivunja kanuni na bado zikasimama. Ni tofauti ndogo, na anayezipanga kinyume cha hapa hajakosea sana. Sikiliza la albamu, dakika 4 na sekunde 54, kwenye CD ya zamani ukiipata. Tofauti kati ya ngoma na nyuzi za nyuma inapumua vizuri zaidi kuliko kwenye matoleo yaliyopandishwa.

Nafasi ya 4 ni "Redemption Song" ya Bob Marley, 1980, inayofunga albamu ya Uprising. Hapa kilichoachwa nje ni bendi nzima: hakuna The Wailers, hakuna besi wala ngoma, na hata mpigo wa reggae haupo. Kuna gitaa moja la nyuzi za chuma na sauti moja, kwa chini ya dakika 4. Mstari unaohusu kujikomboa na utumwa wa akili umetoka kwenye hotuba ya mwanaharakati Marcus Garvey ya 1937. Marley alifariki 11 Mei 1981, na hii ilibaki kuwa wimbo wa mwisho wa albamu ya mwisho iliyotoka akiwa hai. Ushahidi wa kipimo chetu uko wazi zaidi hapa kuliko kwingine, kwa sababu toleo lenye bendi lipo na lilirudishwa kama nyongeza kwenye Uprising ya 2001. Ni zuri, linachezeka, na linapoteza karibu kila kitu. Maneno yale yale yakibebwa na ngoma yanakuwa kiitikio cha umati. Yakibaki na gitaa peke yake, yanakuwa mtu mmoja anayekuangalia usoni.

Anayetaka kuupiga kwa gitaa atumie kodi (chords) za G, Em, C, Am na D, bila kibanio cha shingo ya gitaa (capo). Kosa la kawaida ni kuharakisha ule mstari wa mwanzo kwenye nyuzi nene. Unatakiwa utembee, na noti ya mwisho iachwe ilie hadi inyamaze yenyewe.

Nafasi ya 5, "The Message" ya Grandmaster Flash and the Furious Five, Julai 1982. Rap ilikuwa na umri mdogo kwenye rekodi, na karibu yote ilihusu sherehe. Wimbo huu ukaiacha sherehe nje. Mwendo wake ni wa pole, karibu mapigo 100 kwa dakika, na kati ya mstari na mstari sintesaiza inateremka kama maji yanayodondoka kwenye jengo bovu. Jina la kundi linapotosha: walioandika na kuchana ni Duke Bootee na Melle Mel, na Flash mwenyewe, bingwa wa santuri, hasikiki akifanya kazi yake. Ubeti wa mwisho, ule wa mtoto anayezaliwa bila kujua dunia ilivyo na kuishia gerezani, Melle Mel alikuwa ameshautumia kwenye rekodi ya 1979. Hapa ndipo ulipopata nyumba. Chukua toleo la dakika 7 na sekunde 11. Matoleo mafupi yanaufupisha au kuutupa ubeti huo, na bila huo wimbo hauna mwisho. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka kati ya rekodi 50 za kwanza za kuhifadhiwa kitaifa.

"Running Up That Hill" ya Kate Bush, 1985, inakaa nafasi ya 6. Del Palmer alipanga ngoma kwenye mashine ya LinnDrum, mwendo wa farasi usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na chini yake kuna mngurumo unaoshikiliwa karibu wimbo mzima bila kusogea. Kwa kawaida wimbo wa pop hubadilisha sakafu unapofika kwenye kiitikio. Huu unabadilisha dari tu. Ule mlio wa ajabu unaofungua ni wa Fairlight, kompyuta ya kunasa sauti na kuzipiga kama kinanda. Wimbo ulifika nafasi ya 3 Uingereza mwaka 1985, kisha nafasi ya 1 Juni 2022 baada ya kutumika kwenye tamthilia ya Stranger Things, miaka 37 baadaye. Vijana waliousikia mara ya kwanza mwaka huo hawakuhitaji kuelezwa ni wa zamani, na hilo ndilo jaribio gumu kuliko yote kwa rekodi iliyotegemea mashine.

Nafasi ya 7 ni "Fast Car" ya Tracy Chapman, 1988. Wakati kila redio ilikuwa na ngoma za kulipuka, huu ulikuja na gitaa la kawaida na hadithi. Kiitikio kinacheleweshwa: beti zinapita moja baada ya nyingine juu ya zunguko lile lile la kodi, baba mlevi, kazi ya dukani, pesa kidogo zilizowekwa, na ngoma inaingia kwa nguvu pale tu gari linapoanza kukimbia kwenye kumbukumbu. Unapofika mwisho unagundua gari halijawafikisha popote. Tarehe 11 Juni 1988, kwenye tamasha la Wembley la miaka 70 ya kuzaliwa kwa Nelson Mandela, Chapman alirudishwa jukwaani kuziba pengo baada ya diski ya sintesaiza ya Stevie Wonder kukosekana, na akausimamisha uwanja akiwa peke yake. Mwaka 2023 Luke Combs aliuimba tena akafika nafasi ya 2 Marekani. Ni heshima nzuri, ila bendi yake inajaza zile nafasi ambazo Chapman aliziacha wazi.

Kwa wapigaji: kibanio kwenye nafasi ya 2, maumbo ya Cmaj7, G, Em na D. Tatizo la wanaojifunza ni kupapasa nyuzi zote kwa pamoja. Kidole gumba kinapiga uzi mnene, vidole viwili vinadonoa nyuzi nyembamba, na mkono wa kushoto unatelezea kwenye noti kabla ya pigo. Ule mtelezo ndio wimbo wenyewe.

"Yé ké yé ké" ya Mory Kanté, 1987, nafasi ya 8, unaonekana kwenda kinyume na kipimo chetu. Umejaa: tarumbeta, sintesaiza, waitikiaji, ngoma za mashine na za mkono. Lakini kuna kitu kikubwa kilichoachwa nje, nacho ni tafsiri. Kanté, griot (mwimbaji na msimulizi wa jadi) kutoka Guinea aliyepitia Rail Band ya Bamako, hakugeuza hata mstari mmoja kuwa Kifaransa au Kiingereza ili aeleweke Ulaya. Aliuimba kwa lugha yake, akapiga kora yake yenye nyuzi 21, na mwaka 1988 ukashika kilele cha chati ya pamoja ya Ulaya na kuwa singo ya kwanza ya Afrika kupita mauzo ya nakala milioni moja. Matoleo ni matatu muhimu: la 1984, la albamu ya Akwaba Beach ya 1987, na rimiksi ya Hardfloor ya 1994. La 1987 ndilo lenye mizani. Kwenye rimiksi ya 1994 kora imezikwa, na mtu akiusikia huo tu hatajua kwa nini mikono ya Kanté iliheshimiwa.

Nafasi ya 9, "In the Air Tonight" ya Phil Collins, Januari 1981. Zaidi ya dakika 3 na nusu hakuna ngoma za kawaida, ni mdundo wa tayari wa mashine ya Roland CR-78 na sintesaiza inayotanda kama ukungu. Halafu ngoma zinaanguka. Mlio ule una ufundi unaoelezeka: maikrofoni ya chumba inabanwa kwa nguvu mpaka mwangwi unakuwa mkubwa sawa na ngoma yenyewe, kisha lango la kielektroniki linafungwa ghafla na mwangwi unakatwa kabla haujafifia. Fundi sauti Hugh Padgham na Collins waliupata katika studio ya Townhouse, London, walipokuwa wakirekodi na Peter Gabriel, kupitia maikrofoni ya mawasiliano ya meza ya kumiksia. Baadaye ukabandikwa kwenye kila wimbo, na ndio ugonjwa mkuu wa muongo. Hapa haujawa ugonjwa, kwa sababu umesubiriwa. Epuka toleo la singo: kampuni ya Marekani ilitaka ngoma zaidi mapema, zikaongezwa, na mshtuko ukavuja kabla ya wakati wake. La albamu ya Face Value ndilo.

Ya 10 ni "Sweet Dreams (Are Made of This)" ya Eurythmics, 1983, iliyorekodiwa kwa tepu ya treki 8 kwenye studio ndogo ya darini wakati wenzao walikuwa na treki 24. Uhaba huo unasikika kama faida. Kila sauti ilibidi istahili nafasi yake, na zile zinazolia kama kengele ni chupa za maziwa zinazogongwa. Wimbo hauna hadithi wala safari. Una mistari michache inayozunguka, na Annie Lennox anaibeba yote kwa ubaridi.

Zilizokosa kidogo ni tatu. "Every Breath You Take" ya The Police ina gitaa la Andy Summers lililosafishwa hadi mfupa, ila nusu yake ya pili inarudia ilichokwisha kusema. "Take On Me" ya a-ha ilianguka ilipotoka 1984, ikarekodiwa upya na Alan Tarney, na ikafika kileleni Marekani 1985 ikibebwa na video ya kuchorwa kwa penseli. Sauti ya Morten Harket inapanda zaidi ya oktava mbili na hapo hakuna wa kubisha, ila ngoma zimezeeka. Na "You Can Call Me Al" ya Paul Simon, 1986, ndiyo ya 11. Kuelekea mwisho kuna mshtuko mfupi wa besi wa Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, ambao wapigaji wengi hujaribu kuukamata wakashindwa. Sababu ni kwamba nusu ya kwanza ndiyo aliyoipiga. Nusu ya pili ni tepu ile ile iliyogeuzwa irudi nyuma. Sikiliza kwa hedifoni pale noti zinapoanza kuteremka: haziguswi na kufifia kama kawaida ya uzi wa gitaa, zinavimba kwanza halafu zinakatika.